Chafya Nyuma ya Magunia

Mtu alipiga chafya ndani ya stoo, na Dorine, kwa mazoea tu, akasema, "Pole."

Akaendelea kufagia. Ni nani kati yetu huuliza chafya ni ya nani kabla ya kusema pole? Ufagio ulipofika kizingitini ndipo akakumbuka. Kipkurui, mume wake, alikuwa amepeleka majani chai kituoni. Mtoto wao Chepngeno alikuwa mgongoni mwa Dorine, amelala mdomo wazi. Hapakuwa na mtu mwingine bomani. Na hiyo stoo ilikuwa na kufuli tangu Dorine aolewe, kufuli lenyewe limeshika kutu.

"Nani huko?"

Halafu kitu kikapita chini ya mlango pamoja na vumbi. Harufu hakuisikia, maana pua yake ilikuwa imeziba miezi mingi. Aliisikia kooni, chungu, ile dawa ya unga ambayo watu huchanganya na mahindi ili yasiliwe na wadudu.

Sasa wewe utasema, kwa nini hakutoka mbio? Atoke mbio aende wapi, ndugu yangu, na magodoro yako nje kwenye jua na maji yanachemka jikoni? Mwanamke wa Silibwet hakimbii chafya. Alijiambia ni paka, akamaliza kufagia. Paka hakuwa naye.

Usafi wenyewe haukuwa wa kujionyesha kwa wageni. Ulikuwa dawa. Tangu ajifungue, Dorine aliamka amechoka kuliko alivyolala, akalia akikamua ng'ombe bila kujua analilia nini, na chakula kikawa kama majivu mdomoni. Mtoto naye kifua kilipiga filimbi usiku kucha. Alipompeleka hospitali ya Kaplong, muuguzi wa pale hakukimbilia sindano. Alikaa chini, akauliza habari za nyumba.

"Ukuta wa chumba mnacholala uko aje?"

"Mweusi. Umeshika ukungu, hasa upande wa stoo."

"Na dirisha?"

"Hatufungui. Si unajua baridi ya kwetu."

"Basi, mama, hiyo nyumba inawakalia kifuani nyote wawili," muuguzi akasema. "Dawa ya mtoto nitakupa, lakini itafanya kazi nusu. Kiangazi ndio hiki, majani chai ni machache, uko na nafasi. Toa vitu nje zipigwe na jua. Fungua madirisha. Sugua ukuta. Kitu hutumii, choma ama upeane. Leo chumba kimoja, upumzike, kesho kingine. Utaona mtoto akipumua, na wewe mwenyewe utaona roho yako imetulia."

Na kweli, asikudanganye mtu. Alipomaliza sebule alijikuta anaimba. Alipomaliza chumba cha kulala, ule uzito aliokuwa ameuzoea kama mzigo wa kuni ukashuka mgongoni, akalala usingizi mzito kama wa msichana. Pua ikafunguka. Akasikia tena harufu ya moshi wa jikoni, ya sabuni, ya maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Kipkurui akamtazama akicheka peke yake, akamwambia, "Mama Chepngeno, umerudi." Dorine alimpenda sana kwa neno hilo.

Mtoto ndiye hakurudi. Vumbi lote lile, na Chepngeno hakupiga chafya hata moja. Tangu siku aliyopewa jina, Dorine alipokumbuka vizuri, hakuwa amewahi kupiga chafya. Pua ndogo ingejikunja, macho yangejaa machozi, mdomo ungefunguka, chafya ingefika pale karibu kabisa, halafu ingepotea. Na papo hapo ingesikika ndani ya stoo, nzito, ya mtu mzima. Kila ilipoibwa namna hiyo, midomo ya mtoto ilibadilika rangi, na Dorine alilazimika kumpigapiga mgongoni mpaka pumzi irudi. Kila mara pumzi ilikawia zaidi.

Alimwambia mumewe. Kipkurui hakucheka tena.

"Hiyo stoo wachana nayo," alisema akitazama kikombe chake. "Kuna vitu za zamani tu. Panya."

"Panya hapigi chafya, Baba Chepngeno. Na huo ukungu wa chumbani unatoka huko. Mtoto ataisha hivi hivi tukitazama."

"Nimesema wachana nayo."

Hakuwa amewahi kumpandishia sauti kabla ya siku hiyo. Dorine alinyamaza, lakini kunyamaza si kukubali. Asubuhi Kipkurui alipoondoka, Dorine alichukua jembe, akavunja kufuli.

Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi yaliyooza, yamekuwa vumbi tupu. Sakafu nzima ilikuwa nyeupe kwa dawa ya wadudu, unga juu ya unga, isipokuwa kona moja nyuma ya magunia. Kona hiyo ilikuwa safi. Ilikuwa imefagiliwa kwa viganja vya mikono, mistari ya vidole ikaonekana, nafasi ya kutosha mtu mmoja kukaa na magoti kifuani. Pale palikuwa na kitambaa cha kichwa na raba moja ya mwanamke. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari kutoka nje.

"Kwanza hewa," Dorine akajisemea, maana ndivyo muuguzi alivyomfundisha. Akatoka nje, akapenyeza jembe chini ya mbao, akazing'oa moja baada ya nyingine, jua likaingia mle kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Aliporudi na ufagio, mtoto mgongoni, vumbi lilipanda mara moja likajaa kwenye ule mwanga, na Chepngeno akaanza kujikunja pua, na Dorine akasikia pumzi ya mtoto ikivutwa ndani, ikivutwa, ikivutwa bila kutoka, na katika ile kona safi nyuma ya magunia, mahali alipokuwa akipatazama kwa macho yake mawili na hapana mtu, chafya ikapasuka karibu na sikio lake, ya majimaji, ikamlowesha shingo, na nyingine juu yake, na nyingine, bila nafasi ya kupumua, kama za mtu aliyefungiwa na kitu asichoweza kukikimbia, na katikati ya chafya hizo sauti ya kikongwe, laini, ya adabu kabisa, ikauliza kwa Kipsigis kama wageni wameshaenda.

Hapo sasa alikimbia. Hata ningekuwa mimi.

Alikimbilia kwa Kogo Janeffer, bibi kizee anayekaa ng'ambo ya ua, na hakusema mengi. Shingo yake ilikuwa bado na maji, na juu ya maji ule unga mweupe. Kogo akaona, akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda.

"Umefungua," akanong'ona.

"Ni nini iko kwa nyumba yangu, kogo? Ni pepo?"

"Watu wa pwani wangesema jini. Ninyi wa kanisa mtasema pepo. Huyo ni mtu wetu, mama. Anaitwa Tapkigen. Ni senge ya bwana yako, dada ya baba yao. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliwalea, Kipkurui na dada yake Chelimo. Aliwabeba mgongoni vile umebeba huyu."

"Kipkurui hajawahi kumtaja."

"Atamtaja aje?" Kogo akashusha sauti zaidi. "Alizeeka, akili ikaanza kumtoka. Anasema ovyo mbele ya watu. Ikafika siku ya koito ya Chelimo, wageni wa mahari wanatoka Kedowa, na hao watoto wakaona aibu. Asubuhi wakampeleka stoo, wakamwambia, senge, kaa hapa kidogo mpaka wageni waende. Wakapigilia dirisha asichungulie. Na magunia yalikuwa yametoka tu kutiwa dawa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo sebuleni. Tunakula, tunaimba, na huko nyuma chafya. Chafya, chafya. Mgeni mmoja akauliza, nani mgonjwa? Bwana yako akacheka. Akasema, ni mbuzi tu."

Dorine akamshusha mtoto kutoka mgongoni, akampakata.

"Jioni zilikuwa zimenyamaza. Sisi tuliambiwa alianguka akienda mtoni. Tukazika."

"Na mtoto wangu anahusika wapi?"

"Siku ya jina. Unajua vile tunafanya. Mtoto ananusishwa ugoro kidogo, halafu tunaita waliotangulia, jina kwa jina. Jina ambalo atapigia chafya, huyo ndiye amerudi. Mtoto wako alikataa majina yote. Nikafungua mdomo niseme Tapkigen, Chelimo akanifinya hapa. Akaita jina la mama yao haraka, na ugoro ulikuwa kwa ukucha wake, akamsukumia mtoto puani mpaka akapiga chafya. Huko si kuchagua. Yule aliyekuwa amekuja akabaki mlangoni, na chafya yake ikaibwa. Sasa yeye anaiba ya mtoto."

"Tutamtoaje?"

"Hatolewi. Huitwa. Jina na chafya zikikutana, huingia, na akishaingia kwa heshima, watu wakiwa wamekaa, wakiwa wamekubali walivyomkosea, hutulia kama mzazi yeyote. Lakini aitwe mbele ya watu. Akiitwa kwa siri tena, ataingia vile alivyokufa, bila kutulia. Na haingii kwa mtoto pekee. Ndiyo maana siku ya majina sisi wakubwa hushika pua."

Jioni Dorine alirudi stoo kuichukua ile raba moja, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Kipkurui aliitazama, akalia. Alilia kama mtoto, akashika magoti ya mke wake.

"Sikujua atakufa. Naapa, Dorine. Nilidhani ni masaa machache."

"Ulisema ni mbuzi."

"Nilisema."

"Basi ita wazee na pasta. Jina lake liitwe mchana, kila mtu akisikia. Mtoto anakufa, Kipkurui."

"Nitaita. Nipe mpaka Jumamosi. Nitampigia Chelimo aje pia."

Dorine akamwamini. Angeachaje kumwamini? Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini machozi ya kweli nayo hudanganya, tena kushinda yale ya uongo.

Jumamosi Chelimo akaja kutoka Kedowa, mnene, mchangamfu, na zawadi mkononi. Wazee hawakuwa wameonekana bado. Kipkurui alisema watafika baada ya saa sita. Alisema pia ingefaa stoo imalizwe kusafishwa kabla hawajaja, ndiyo heshima.

"Oi, Mama Chepngeno! Nyumba inang'aa," Chelimo akasema akizunguka sebuleni. "Na wewe mwenyewe umenawiri. Leta mtoto, vumbi ya huko si ya mtoto. Nitamlaza nje kwa godoro, chini ya parachichi. Na wewe shika hii leso, nilikununulia. Ufunge pua vizuri. Kifua ni kitu ya kuchungwa."

"Asante, senge ya Chepngeno."

"Ufunge kabisa, eh?"

Dorine aliingia stoo, ufagio mkono huu, leso mkono ule. Dirisha aliloling'oa mbao lilikuwa wazi, na upepo wa majani chai ukiingia. Aliinua leso kuifunga. Hapo akasita.

Mwezi mmoja nyuma asingesikia kitu. Lakini pua yake sasa ilikuwa pua ya mtu anayelala nyumba yenye hewa. Ndani ya mikunjo ya leso mpya, chini ya harufu ya duka, kulikuwa na ugoro. Si mabaki. Ulikuwa umepakwa, ukasuguliwa, ukakunjiwa ndani.

Akasimama tu, kitambaa kimeshikwa mbali na uso. Chini ya dirisha, upande wa nje, watu wawili walikuwa wamechuchumaa. Wakinong'ona.

"Ameifunga?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kipkurui.

"Ameifunga. Nyamaza, nianze kuita."

"Chelimo. Hakuna njia ingine?"

"Njia ingine ni gani? Tuite wazee waulize alikufaje? Ama amchukue mtoto? Huyu alikuja kwetu na miguu yake, si damu yetu. Senge akishampata atanyamaza, na mtoto atapona."

"Na akianza wazimu?"

"Watu watasema ni ule ugonjwa wake wa kulia. Si kila mtu anajua alikuwa mgonjwa? Wewe umeleta?"

"Nimeleta."

Hakujua ni nini kilicholetwa. Alichojua ni kwamba yule mwanamume aliyemwambia umerudi alikuwa pale chini, amechuchumaa kwenye nyasi, anangoja apotee. Iliuma mahali ambapo ugonjwa wote ule haukuwahi kufika.

Chelimo akaanza kuita. Aliita polepole, kwa kubembeleza, kama mtu anayeita kuku. "Tapkigen. Senge Tapkigen. Njoo. Tapkigen." Na katika kona safi nyuma ya magunia kitu kikaanza kuamka, vumbi likajivuta likatambaa sakafuni bila upepo kulisukuma, ile dawa chungu ikajaa kooni mwa Dorine, baridi ikampanda kutoka nyayo hadi magoti hadi tumboni, na akasikia pumzi, ndefu, ya uzee, ikisimama mbele ya uso wake kabisa na kumnusa, ikitafuta pua yake, ikingoja, na nje jina likiendelea kuitwa na kuitwa, na pua yake mwenyewe ikaanza kuwasha, ikawasha sana, akaibana kwa vidole mpaka machozi yakatoka.

Kwa mkono uliobaki akafanya kitu ambacho amekifanya kila siku ya maisha yake ya ndoa. Alinyoosha mkono nje ya dirisha, akakung'uta kitambaa.

Akakikung'uta mara moja, kwa nguvu, na ugoro wote ukamwagikia uso wa Chelimo uliokuwa umeinuliwa.

"Tapki—"

Chafya ikamtoka jina likiwa bado mdomoni.

Baridi iliachia magoti ya Dorine papo hapo. Alitoka mle mbio, akazunguka nyumba, akamnyakua mtoto kutoka kwenye godoro. Chepngeno akakunja pua, akafungua mdomo, akapiga chafya. Ndogo, kavu, yake mwenyewe. Kisha akavuta pumzi mpaka tumboni, bila filimbi. Dorine akamkumbatia, akalia.

Chini ya dirisha Chelimo alikuwa amesimama. Mnene alikuwa, lakini sasa alisimama kama mtu mwembamba, mabega yameinama, mikono imekunjwa tumboni kwa adabu. Alimtazama kaka yake kwa upendo mtupu.

"Kipkurui, mtoto wangu," alisema kwa sauti ambayo si yake. "Wageni wameenda?"

Dorine akangoja Kipkurui aanguke magotini. Ilikuwa saa yake ya kuomba msamaha, hata Mungu asingempa nyingine nzuri kuliko hiyo.

"Bado, senge," Kipkurui akasema. Akamshika mkono. "Kaa hapa ndani kidogo."

Akamwingiza stoo, yeye akifuata kama mwana-kondoo. Akatoa kufuli mfukoni, jipya, bado lina karatasi ya duka, akafunga mlango. Akaokota mbao nyasini, akatoa nyundo kiunoni, na kutoka mfuko wa pili akatoa misumari. Ilikuwa mipya pia, inang'aa. Dorine akaitazama hiyo misumari, ndipo akaelewa ni nini kilicholetwa, na kiliandaliwa kwa ajili ya nani.

Mle ndani chafya zikaanza. Moja, ikafuata nyingine, kisha bila nafasi.

Kogo Janeffer akatokea kwenye ua, mkono juu ya macho kukinga jua.

"Chamgei!" akasalimia. "Nani huyo anapiga chafya hivyo?"

Kipkurui alikuwa na misumari midomoni. Akaitoa, akacheka.

"Ni mbuzi tu, kogo."

Dorine alisikia jinsi neno lilivyomtoka bila shida. Angesema hivyo hivyo kwa ajili yake, na sauti hiyo hiyo. Na majirani wangepita.

"Sio mbuzi!" alipaza sauti, mpaka wachumaji chai wa shamba la chini wakainua vichwa. "Hatuna mbuzi hapa! Ni Tapkigen, yule mlizika, na Chelimo yuko naye! Kogo, ita watu! Ita kila mtu, waje na vyuma vya kuvunja kufuli!"

Kipkurui akasimama, nyundo mkononi, uso umekuwa wa mtu ambaye Dorine hakumjua. Dorine akarudi nyuma hatua kwa hatua, mtoto kifuani, lakini hakunyamaza. Kogo akapiga ukemi, mkali, wa zamani, na ng'ambo ya chai ukaitikiwa. Watu wakaanza kupanda kilima, vikapu bado mgongoni.

Chafya zikakoma. Mlango wa stoo ukagongwa kutoka ndani, taratibu, na ile sauti ya adabu ikauliza tena kama wageni wameenda.

"Hapana, senge," Dorine akajibu. "Sasa ndio wanakuja."